Tarehe ya Kulipa: Korosho

Chini ya miguu ya kijana niliyeketi naye kulikuwa na kiroba cha sembe cha kilo 25. Vingine vya aina hiyo vilikuwa vimepangwa kwenye ujia wa basi, mpaka abiria wakawa wanapita kwa kukanyaga unga. Tulikuwa tunatoka Mbagala kwenda Mtwara, mwishoni mwa Februari 2025, siku chache kabla ya mwezi mtukufu. Nikamuuliza kwa nini anabeba unga kutoka mjini kupeleka shamba.

"Kaka, sasa hivi shamba hakuna kitu," alisema. "Mahindi ndiyo kwanza yanabeba."

Kijana huyo anauza soksi na mikanda Kariakoo, na alikuwa anarudi kwao Tandahimba kwa wiki tatu kumsaidia mama yake kupalilia. Nikamtania kwamba basi yeye ni machinga wa asili, maana jina lenyewe la machinga lilitoka kusini. Akanisahihisha bila kukasirika: Wamachinga ni watu wa Lindi, yeye ni Mmakonde, ila mgambo wa jiji akikukimbiza haulizi kabila. Kisha akasema neno ambalo lilinikaa kichwani safari nzima. "Mimi Dar napata kila siku, kidogokidogo. Mama anapata mara moja kwa mwaka, lakini nyingi. Sasa maskini ni nani, mimi au yeye?"

Kabla sijajibu, jamaa wa kiti cha nyuma aliyekuwa anatusikiliza akadakia: "Si ndio nyie mnaowanywesha mbuzi bia korosho zikilipa?" Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, kicheko cha mtu aliyeusikia utani huo mara mia. Kila msimu Watanzania husimulia kwamba watu wa Mtwara wakishapata fedha za korosho huwanywesha mbuzi soda, huwaogesha kwa bia, huoa wake wawili kwa siku moja. Mimi mwenyewe nimeusimulia. Sijawahi kukutana na mtu aliyemwona huyo mbuzi.

Barabara ya kusini siku hizi ni ya siku moja. Wazee waliokuwa mbele yetu walikuwa wakikumbushana enzi za kungoja kivuko Rufiji, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, ambapo masika yakikaza mtu alilala njiani siku kadhaa. Tulipofika Somanga dereva alipunguza mwendo. Hapo mafuriko ya kimbunga Hidaya yalikata barabara Mei 2024. Baada ya hapo nikalala mpaka Mingoyo. Mtwara tuliingia jua likizama, na kesho yake nikapanda gari dogo la kwenda Newala: lami mpaka Mnivata, kisha vumbi jekundu lililogeuzwa tope, na makatapila ya ujenzi wa ile barabara ya kilomita 160 hadi Masasi yakitupisha kwa zamu.

Pande zote mbili za njia ni mikorosho. Mtu wa bara akiiona mara ya kwanza hudhani ni msitu, mpaka agundue kuwa chini ya kila mti kumefagiliwa. Mti huu waliuleta Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16, ukaingia Msumbiji, ukavuka Ruvuma, na leo hakuna mtu wa uwanda wa Makonde anayeona ni mgeni. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani zipatazo 145,000 za korosho. Kisha watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, mbali na miti yao, bei ikawa haina maana, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, na kufika 1986/87 zao lilikuwa limeporomoka hadi tani zisizofika 20,000. Mti ni uleule, ila ukiuacha bila kuufagilia na kuupulizia salfa, hukupa kivuli tu.

Mwenyeji wangu Newala ni mjomba wa rafiki yangu wa kazini, kwa hiyo na mimi nikamwita mjomba. Anaishi na mkewe, binti yao aliyerudi nyumbani, na wajukuu watatu. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, mabati mapya yanang'aa, ndani hakuna dari. Tulipomaliza kula usiku ule, ugali wa muhogo na kisamvu kilichotiwa karanga, nikatoa daftari langu na kuuliza swali nililotoka nalo Dar.

"Mjomba, kwa mwezi mnapata kiasi gani?"

Akamtazama mkewe. Mkewe akacheka kwanza.

"Kwa mwezi?" akasema mjomba. "Mwezi gani?"

Nikafikiri hakunielewa, nikarudia. Akasema amenielewa vizuri, ni mimi ambaye sijaelewa. Novemba alipata milioni 1 na laki 3. Desemba hakupata kitu. Januari mkewe alipata elfu 30 za kubangua. Februari, mpaka siku hiyo, kuku wawili. Machi sijui, Aprili mbaazi bado changa. "Sasa niambie wewe uliyesoma, hapo kwa mwezi ni ngapi?"

Tukapiga hesabu kwa simu yangu, chini ya taa ya sola. Msimu uliopita alipeleka kilo 410 kwenye chama cha msingi cha ushirika. Mnada wa kwanza wa Newala na Tandahimba, Oktoba 2024, ulifungua kwa bei ya furaha, ya juu kabisa ikiwa shilingi 4,120 kwa kilo, na habari ikaenea nchi nzima kwamba kusini wametajirika. Korosho za mjomba hazikuwahi mnada huo. Zilikuwa bado zinakauka kwenye jamvi. Zikaingia mnada wa baadaye bei ikiwa imeteremka, yakatolewa makato ya ushirika, ghala na usafiri, kilichobaki kikaingia benki. Milioni 1 na laki 3 ukiigawa kwa 12 ni kama elfu 108 kwa mwezi.

Nikamweleza jinsi serikali inavyopima. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kwa mstari huo, watu 26.4 katika kila 100 wa Tanzania Bara walikuwa maskini. Dar es Salaam walikuwa 8 tu, wakati Lindi, mkoa niliosinzia nikiupita, walikuwa 38. Mtoto hahesabiwi sawa na mtu mzima, kwa hiyo kaya ya mjomba yenye watu sita nikaikadiria kuwa watu wazima wanne na nusu. Wanahitaji, kwa bei za wakati ule, kama shilingi 221,900 kila mwezi. Korosho peke yake hazifiki hata nusu.

"Kwa hiyo sisi ni maskini," akasema, kama mtu aliyeambiwa urefu wake.

Si haraka hivyo. Wapimaji hawahesabu mapato, wanahesabu matumizi, na muhogo unaoung'oa shambani kwako unawekewa bei kama umeununua. Kaya huachiwa daftari la kuandika kila kinacholiwa na kununuliwa kwa siku 14. Hapo ndipo mama, yaani mke wa mjomba, ambaye muda wote alikuwa anachambua mboga za kesho, akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake.

"Hizo siku 14, wanakuja mwezi gani?"

Wakija Novemba watakuta nyama, mchele, mabati 20 yameegeshwa ukutani na mjukuu amenunuliwa viatu. Wakija Februari watakuta tulichokula usiku ule. Wataalamu wanalijua hilo. Ndiyo maana utafiti hufanywa mwaka mzima, nyumba hii mwezi huu na ile mwezi ujao, ili taifa likijumlishwa misimu isawazishane. Kwa taifa hesabu inakubali. Kwa nyumba moja haikubali, kwa sababu hakuna mtu anayekula wastani. Familia ileile, na mikorosho ileile, inaweza kuandikwa si maskini wiki hii na maskini wa kutupwa baada ya miezi mitatu. Nimesoma ripoti nyingi za umaskini, na sikumbuki kuona jedwali linalopanga watu kwa mwezi. Tunawapanga kwa mkoa, kwa elimu ya mkuu wa kaya, kwa aina ya sakafu.

Kuhusu mabati nilikuwa na yangu moyoni. Nilikuwa nimeona nyumba nyingi njiani zenye mabati mapya na ndani kitanda cha kamba, na nikajisemea, kwa ule ujuaji wa watu wa mjini, kwamba hawa wananunua sifa. Asubuhi mama akanionyesha. Kwenye kona ya uwanja, chini ya mfereji wa bati unaoteremka kutoka paani, kuna kisima kilichosakafiwa kwa saruji, mfuniko wake wa chuma umefungwa kufuli. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kanga yake. Akafungua, akashusha ndoo, nikasikia maji kabla sijayaona.

Uwanda wa Makonde hauna mito. Mvua ikinyesha, mchanga unaimeza na kuipeleka chini kabisa, hadi mabondeni. Ukisimama ukingoni pa Newala, pale wanapopaita Shimo la Mungu, unaona bonde lote la Ruvuma na milima ya Msumbiji, yaani maji unayaona kwa macho, ila yako mamia ya mita chini yako. Tangu enzi za mkoloni serikali inahangaika kuyapandisha kwa pampu, na bomba linapokauka watu hununua. Jirani wa mjomba, ambaye paa lake ni la nyasi, alikuwa ananunua ndoo ya lita 20 kwa shilingi 500, mvua zikiwa zinanyesha juu ya nyumba yake. Nyasi haikusanyi maji. Bati ndilo kisima. Mwanamume aliyelipwa Novemba akakimbilia dukani kununua bati 20 hakuwa anaringa. Alikuwa anawahi mvua za Desemba. Tangu siku hiyo stori ya mbuzi na bia imenishinda kuisimulia.

Mchana nikaenda dukani kwa mzee mmoja, mwenye mizani ya mawe na friji isiyo na umeme. Nilikuwa natafuta soda, nikapata kitu bora kuliko soda: daftari la wadaiwa. Alikuwa ameliacha wazi juu ya meza, na nilipouliza kama naweza kutazama alinisukumia bila wasiwasi. Mistari imepigwa kwa rula. Jina. Alichochukua: sabuni, mafuta ya kupima, sukari robo, mchele kilo mbili, tende, maana Ramadhani ilikuwa mlangoni. Kiasi. Na safu ya mwisho, kwa herufi kubwa: ATALIPA LINI.

Nilitegemea kuona tarehe. Kwenye ukurasa ule kulikuwa na mistari 26, na katika 21 safu ya mwisho ilikuwa na neno moja tu: korosho. Korosho, korosho, korosho, mpaka chini. Minne imeandikwa TASAF, yaani kaya zilizokuwa zikipokea ruzuku ya mpango wa kunusuru kaya maskini, ambayo ilikuwa ikilipwa kila miezi miwili. Mmoja umeandikwa mshahara. Huyo ni mwalimu.

Nilikaa na daftari lile muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Ajira zote za kijiji zilikuwa pale katika safu moja, na mwenye duka alizipanga bila dodoso. Nilimuuliza nani anamkopesha bila kusita. Akanionyesha mwalimu, kisha wale wanne. "TASAF ni kidogo, lakini ina mwezi," alisema. Na wa korosho? Hapo akavuta pumzi. Korosho ni nyingi, lakini mvua ikinyesha mti ukiwa kwenye maua, wote 21 wanaanguka pamoja, na yeye juu yao.

Jioni, baada ya sala ya isha, pikipiki ilisimama nje ya uwanja, mtu akateremka, akazungumza na mjomba kwa sauti ya chini kando ya mwembe. Hawakukaa hata dakika kumi. Mjomba aliporudi sikuuliza. Mama ndiye aliyesema, bila kunyanyua uso: "Hiyo ndiyo benki yetu."

Alikuwa mtu wa kangomba. Msomaji wa mbali na kusini huenda amelisikia neno hili kwenye taarifa za habari likiambatana na neno operesheni. Kangomba ni kununua korosho nje ya mfumo, na mara nyingi ni kuzinunua kabla hazijakuwepo: leo Februari, mti haujatoa hata ua, nakupa shilingi 1,500 kwa kila kilo utakayonipa Oktoba. Mfumo rasmi ni stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho mwaka 2007: mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, unakwenda ghala kuu, unapigwa mnada, analipwa kupitia benki. Ni mfumo uliowaokoa wakulima na walanguzi waliokuwa wanawapangia bei mlangoni, na sitausema vibaya. Lakini una ufunguo wa mlango mmoja tu. Unajua kulipa Novemba. Februari haukujui.

Pigeni hesabu wenyewe. Anayekopa 1,500 leo na kulipa korosho ambayo mnadani ingempa, tuseme, 3,500, amelipa zaidi ya mara mbili ndani ya miezi minane. Benki yoyote ikitoza hivyo tungeandamana. Na kama tatizo hili lingemalizwa kwa amri ya serikali, lingekuwa limekwisha 2018. Mwaka ule wakulima waligomea bei za mnada, na tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, malori ya jeshi yakaingia barabarani. Waliopeleka zaidi ya kilo 1,500 walihakikiwa shambani kwanza, ionekane kama kweli wana miti ya kutosha au ni kangomba waliojificha kwenye foleni. Wengine hawakulipwa hadi mwaka uliofuata. Kangomba hakufa. Anaujua mlango wa kila nyumba, anajua mtoto wa nani anaumwa, na haulizi dhamana. Mara nyingi si mgeni wala jambazi: ni mtu mwenye duka, au mtumishi mwenye mshahara, yaani mtu yeyote mwenye fedha mwezi ambao wengine hawana.

Mjomba alikuwa ameuza kilo ngapi chini ya mwembe? Sikuambiwa. Ila asubuhi wajukuu walikunywa chai ya maziwa, na mama alikuwa na noti mkononi ya kwenda kununua futari ya kwanza.

Siku ya mwisho nilimfuata mama kwenye kubangua. Wanawake saba chini ya kibanda, moshi mweusi. Korosho zinakaangwa kwenye kipande cha pipa kilichopasuliwa, yale mafuta ya ganda yanachuruzika na kushika moto, zinamwagwa mchangani kupoa, kisha kila mtu na kigongo chake: mpigo mmoja, ganda linapasuka, punje inatoka nzima. Ukipiga sana inakatika na bei inakatika. Nilijaribu kumi, nikavunja saba, wakanipa hizo nile. Vidole vyao ni vyeusi kama vilivyotiwa wino, na yale mafuta yanaunguza, hayatoki kwa sabuni. Kilo nne za korosho ghafi hutoa takriban kilo moja ya punje. Fedha ya kubangua haipiti benki, na mama ndiye mwenyewe. Ile akaunti ya Novemba ina jina la mjomba, ingawa robo tatu ya mikorosho aliirithi mkewe kutoka kwa mama yake, kama ilivyo desturi ya Wamakonde.

Niliwauliza kwa nini kazi yote hii isifanyike kiwandani. Mmoja akanyoosha kigongo chake kuelekea barabara kuu, kilikokuwa kiwanda, asiseme kitu. Tanzania ilijengewa kwa mkopo viwanda 12 vya kubangua, miaka ileile ya sabini na themanini zao lilipokuwa linakufa. Vingi viliishia kuwa maghala. Sehemu kubwa ya korosho yetu bado inapanda meli na ganda lake kwenda India na Vietnam, na huko kuna wanawake wanaobangua mwaka mzima, Februari pia. Nikisikia mjadala wa viwanda vya korosho, wanasiasa huzungumzia thamani ya zao. Sijamsikia anayetaja kwamba kiwanda hulipa Februari, na kwa nyumba niliyolala hilo ni kubwa kuliko bei yoyote ya mnada.

Niliondoka kwa njia ya Masasi, alfajiri, mvua ya rasharasha. Nilipitia kwa mzee wa duka kuchukua maji na biskuti za njiani. Ikawa shilingi 2,200. Nilikuwa na noti ya elfu 10 tu, yeye hana chenji, na gari linapiga honi. Akanipungia mkono niende, akavuta daftari, akaandika: Mgeni wa Dar, maji, biskuti, 2,200. Nikainama kuona ataandika nini kwenye safu ya mwisho. Akaandika korosho, kisha akacheka mpaka akakohoa.

Nilimtumia kwa simu nilipofika Masasi, pamoja na ya kutolea.